Nyimbo Saba za Mpwa Wangu



Mwaka jana, katika ukumbi huu huu wa Kisauni, nilipokuwa nikizungumza juu ya mahadhi ya taarabu na namna shairi linavyobebwa na sauti ya mwimbaji, nilitamka maneno ambayo hayakuwamo katika karatasi niliyoiandaa: nikasema kwamba katika zama zetu umezuka muziki uitwao metali, ambao si muziki hata kidogo, bali ni kelele za chuma na mayowe ya watu waliopungukiwa na akili, na nyinyi, kwa hisani yenu, mkanipigia makofi. Makofi yale nayakumbuka kwa haya, kwani siku niliyoyatamka maneno hayo nilikuwa sijapata kuusikiliza hata wimbo mmoja wa aina hiyo tangu mwanzo wake hadi mwisho. Nilikuwa nimesikia vipande tu, katika matatu na katika simu za watoto wa jirani, na kwa ushahidi wa vipande hivyo nikakata hukumu mbele ya hadhara.

Mpwa wangu alikuwamo ukumbini. Ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Changamwe, kijana mpole, mwenye kuhifadhi sala zake na kumhudumia mamake, na wala sikuwa na habari kwamba muziki huo nilioutukana ndio anaoupenda kuliko wote. Alinisubiri nje hadi watu walipokwisha kuniaga, akanipa mkono, akasema: “Shikamoo, mjomba.” Nikamwitikia marahaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjomba, ni wewe uliyenifundisha kwamba kadhi hakati shauri kabla ya kumsikiliza mdaiwa. Sasa huyu mdaiwa wa leo, ulimsikiliza lini?” Sikuwa na jawabu. Nikamwambia aniandikie orodha, nami nitasikiliza.

Akaniandikia nyimbo saba, na akaniwekea masharti matatu: kwamba kila wimbo niusikilize mara tatu kwa siku tatu mbalimbali, kwamba nisiuzime katikati, hata ukiniudhi, na kwamba maneno yake nisiyasome ila baada ya kuusikia mara ya pili, ili sauti iniingie kabla ya maana. Nami nikamwekea sharti moja, kwamba nitakayoyaona nitayasema hapa hapa nilipokosea, yawe ya kumfurahisha au ya kumhuzunisha. Mhadhara wa leo ndio malipo ya deni hilo.

Wimbo wa kwanza niliusikiliza nyumbani, baada ya sala ya isha, nikiwa nimeketi barazani na spika ndogo aliyoniazima. Ni wimbo wa bendi ya Kiingereza iitwayo Black Sabbath. Wimbo wenyewe una jina lilo hilo, na sahani iliyoubeba, ambayo nayo ina jina lilo hilo, ilitoka mwezi wa Februari mwaka 1970. Nilikuwa nimejikaza kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Lakini kilichonijia mwanzo hakikuwa gitaa wala mayowe. Ilikuwa mvua, mvua kama hii yetu ya masika inayopiga juu ya mabati, na ndani ya mvua ile, kwa mbali, kengele ikilia taratibu.

Nyinyi wenzangu wa Kisauni mwajua kwa nini nilishtuka. Sisi twapita Kengeleni kila siku, tukienda mjini na tukirudi, na wengi wetu tumesahau kwamba mahali pale paliitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele ile, kama tulivyopokea kwa wazee, ililizwa kuwatahadharisha watu walipoonekana wafanyao biashara ya kuuza wanadamu. Basi hapa petu ilikuwapo sauti iliyowekwa makusudi ili itie hofu, na hofu ile ilikuwa rehema. Nikiwa katika taamuli hiyo, gitaa likaingia: milio mitatu tu, mizito, mlio wa tatu ukikaa mahali ambapo sikio halitaki ukae, kama mguu unaokanyaga ngazi isiyokuwapo. Wimbo ule haukunipendeza, walakini niliuelewa, kwa kuwa ulikuwa ukinambia kuna jambo linakuja. Na pwani nzima yajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tena hakuna aliyewahi kuilaumu mbiu kwa kukosa utamu.

Siku ya tatu mpwa wangu alikuja kunisimulia habari za mpiga gitaa yule, na habari zenyewe nataka mzisikie kwa urefu, kwani ndizo zilizonifungua sikio. Anaitwa Tony Iommi, mtoto wa Birmingham, mji wa viwanda. Alipokuwa na miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, kwa kuwa hupiga kwa shoto, ndio anaobania nyuzi. Msimamizi wake alimletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri ambaye mkono wake uliharibiwa na moto, ili ajue kwamba mkono wenye ila si mkono uliokufa. Kijana yule akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya kuvisha vidole vyake, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomwumiza, na baadaye akawa anazilegeza nyuzi ili zipungue ukali wa kubana. Na nyuzi zilipolegea, gitaa likashuka, likawa na sauti nzito yenye kina, ambayo kila aliyefuata katika sanaa hiyo ameirithi. Msingi wa muziki huu, basi, ni jeraha la kibarua.

Mpwa wangu alipokwisha kusimulia, nilimtazama mikono. Ina makovu ya cheche, mengine ya zamani na mengine mapya. Anakotoka kazini kila jioni ni Changamwe, ambako malori ya makontena yanapanda kutoka Kipevu usiku na mchana, na treni inakokotana na reli, na grainda zinalia katika kila uchochoro. Huko mtambo wa kusafishia mafuta ulivuma tangu mwaka 1963 hadi ulipoacha kusafisha mwaka 2013, na watu wa jirani wakaona ajabu kulala pasipo ule uvumi. Mtu aliyelelewa na Mji wa Kale wa Mombasa, penye vichochoro vyembamba na adhana na sauti ya bahari, huenda akaitaka udi na fidla. Lakini aliyelelewa na chuma atafanya nini na chuma? Ama atakikimbia, ama atakitia mpango na mizani. Jambo hili sikupata kulifikiri katika miaka yangu yote ya kufundisha mizani.

Wimbo wa pili nitaupita kwa haraka, kwani hauna ugumu. Unaitwa “Stone Cold Crazy”, umepigwa na Queen mwaka 1974, na ni mwepesi wa mwendo, wa dakika mbili na kitu, wenye pumzi fupi fupi za mtu anayefukuzwa. Mpwa wangu aliutia katika orodha kwa hila njema: mwimbaji wake, aliyejulikana kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi walioondoka visiwani mwaka 1964, na wimbo huu uliporudiwa na Metallica mwaka 1990 ulishinda tuzo kubwa ya Marekani katika fungu la metali. “Waona, mjomba,” akanambia, “hata huku kwetu umo.” Nikamjibu kwamba kuzaliwa mahali si kutoa mahali pale ndani ya wimbo, na kwamba katika wimbo ule sikusikia Unguja hata chembe. Alicheka, nami pia. Hapo tukabaki kila mtu na lake.

Wimbo wa tatu ndio ulionikasirisha. Ni “Angel of Death” wa bendi ya Slayer ya California, unaofungua sahani yao ya mwaka 1986, Reign in Blood, ambayo yote kwa jumla haifiki nusu saa. Unaanza kwa ukwenje mmoja mrefu unaopanda hadi ukadhani koo litachanika, na mwenye kuupiga ukwenje huo, Tom Araya, mzaliwa wa Chile, alikuwa kabla ya hapo akifanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa pumzi. Jambo hilo hadi leo nikilikumbuka nasisimkwa. Mara ya kwanza nilihisi kama ninapigwa. Mara ya pili nilianza kusikia kwamba mpiga ngoma, ambaye miguu yake ilikuwa ikienda kwa kasi ya cherehani, hakukosea hata pigo moja, na kwamba penye dhana yangu ya fujo palikuwa na nidhamu ya kijeshi. Kisha nikasoma maneno, nikaona kwamba yanasimulia maovu ya daktari Josef Mengele katika kambi ya Auschwitz, jinsi alivyowatesa wafungwa kwa kisingizio cha elimu.

Hapa ndipo nilipogombana na mpwa wangu. Maneno yale yanasimulia, yanasimulia tena, yanataja kila kilichofanyiwa mwili wa mwanadamu, na hayasemi popote kwamba ni dhuluma. Mtungaji, Jeff Hanneman, alijitetea kwamba hakuona haja ya kusema kuwa mtu yule ni mwovu, kwa sababu hilo li wazi kwa kila mwenye akili. Mimi siikubali hoja hiyo. Sisi tuliosomeshwa tenzi twajua kwamba mtunzi anayesimulia vita husimama mahali fulani. Hata akimsifu adui kwa ushujaa, msikilizaji hajiulizi moyo wa mtunzi uko upande gani. Mateso yakielezwa pasipo huruma wala laana, huchukuliwa na kila mtu kwa matumizi yake, na wako wenye nia mbaya waliokwisha kuyachukua. Mpwa wangu akasema kwamba lile gitaa linalolia katikati ya wimbo, lenye kupiga kelele kama mtu na si kama ala, ndiyo laana yenyewe. Nikausikiliza tena, mara ya nne, zaidi ya sharti. Nakiri kwamba gitaa linalia. Siridhiki kwamba kulia kwake kwatosha.

Wimbo wa nne sikuusikia. Nilibonyeza, nikangoja, nikadhani simu imeharibika. Kumbe umekwisha kupita: ni “You Suffer” wa Napalm Death, nao pia ni wa upande wa Birmingham, umo katika sahani yao Scum ya mwaka 1987, na umeandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa ndio wimbo mfupi kuliko yote uliorekodiwa, wa sekunde moja na sehemu ya sekunde. Una maneno manne, nayo yanamwuliza mwanadamu sababu ya mateso yake. Sisi tuliozoea tenzi za beti mamia twaweza kuuona kuwa ni mchezo. Nami niliuona hivyo, mpaka nilipokwenda kumzuru jirani yangu aliyefiwa na mwanawe, nikamkuta hasemi neno, mara akapaaza sauti moja, fupi, kisha akanyamaza tena. Tangu siku hiyo simchukii aliyeutunga.

Sasa nije kwenye wimbo wa tano, ambao niliusikiliza mara tatu kwa kutimiza ahadi tu. Unaitwa “Freezing Moon”, wa bendi ya Mayhem ya Norway, uliomo katika sahani iliyotoka mwaka 1994. Kwa upande wa ufundi ni wimbo wenye mandhari: mtu husikia baridi, na msitu, na usiku usiokwisha, mambo ambayo mtoto wa Mombasa hana njia ya kuyajua ila kwa kuambiwa. Lakini haikuwezekana kuusikiliza pasipo kujua yaliyouzunguka. Aliyeyaandika maneno yake alijiua mwaka 1991. Mpiga gitaa wake aliuawa kwa kisu mjini Oslo mwezi wa Agosti mwaka 1993, na aliyemwua ni yule yule aliyempigia besi katika sahani hiyo, hata ukisikiliza wasikia vidole vya mwuaji na vidole vya mwuawa katika wimbo mmoja. Na katika kundi lile la vijana, kuanzia mwaka 1992, lilipochomwa kanisa la mbao la Fantoft karibu na Bergen, yalichomwa makanisa ya karne nyingi, wengine wakilihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya sanaa.

Mabibi na mabwana, mimi ni Mwislamu, na makanisa yale si yangu. Lakini sisi wa bara ya Mombasa hatuzungumzi habari za nyumba ya ibada kama watu wanaozisoma gazetini. Mwezi wa Machi mwaka 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja huko Likoni wakawamiminia risasi waumini waliokuwa katika ibada, na mtoto mchanga akapona na risasi ikiwa kichwani mwake, na mamake akafa akimkinga. Kivuko cha kwenda Likoni twapanda sote. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu waziwazi: mtu anayeifanya kuchoma nyumba ya Mungu kuwa pambo la muziki wake, sina haja na muziki wake, hata ukiwa umetungwa kwa ufundi wa Daudi. Hakunibishia. Alisema tu kwamba wimbo ule umo katika orodha kwa sababu hakutaka kunionyesha uzuri peke yake akanificha ila. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa wimbo wowote.

Kabla ya kufika kwenye nyimbo mbili zilizobaki, nataka kulijibu shtaka moja ambalo mwaka jana nililifanya kuwa hoja yangu kubwa, nalo ni hili: kwamba katika metali maneno hayasikiki. Kwetu neno ndilo sultani. Mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo alipoimba shairi la Ahmad Nassir, watu walikaa kimya wakilingojea fumbo lifumbuke, na fidla haikuthubutu kulifunika neno. Mwimbaji wa metali hunguruma. Sauti yake haitoki katika nyuzi za sauti peke yake bali katika mikunjo iliyo juu yake kooni, ikisukumwa na pumzi ya tumboni, na neno hutoka limesagika. Nilidhani shtaka hilo halina jawabu. Ndipo nikakumbuka historia ya taarabu yenyewe. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa Unguja mwaka 1905, nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliozisikiliza kwa machozi hawakuijua lugha hiyo ila ile ya sala. Ilimpasa Siti binti Saad aende Bombay mwaka 1928 akaimbe kwa Kiswahili katika sahani ndipo lugha yetu ikapewa kiti chake. Nasi wenyewe, tuliokwenda sinema miaka yetu ya ujana, nani kati yetu alikijua Kihindi? Tulitoka tukiimba, na Juma Bhalo huyo huyo akayachukua mahadhi yale akayavisha Kiswahili. Basi kumbe tumepata kulia kwa nyimbo tusizozielewa, na hatukuona aibu, kwa kuwa zilikuwa tamu. Kilichonichukiza katika metali hakikuwa kutoelewa neno. Kilikuwa ukali wa sauti, nami nikajificha nyuma ya neno.

Na ukali wa sauti, je, ni mgeni kwetu?

Wimbo wa sita ni wa Wakenya. Unaitwa “Lionsblood”, wa bendi ya watu wawili kutoka Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliojiita Duma. Sahani yao, yenye jina hilo hilo, waliirekodi Kampala, ikatolewa mwezi wa Agosti mwaka 2020 na watu wa Nyege Nyege, jina ambalo kwa Kiganda halina ubaya, ila sisi wa pwani hatulitamki mbele ya wakwe. Nilipoona neno Duma nilidhani ni yule mnyama mwenye mbio, na kasi ya wimbo ikanithibitishia dhana yangu; kumbe wenyewe walikusudia neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Wakenya wawili wanaandika neno moja, mmoja anaona mnyama mbugani na mwingine anaona usiku, na wote wawili wako sawa kuhusu sauti ile.

Niliusikiliza kwa mara ya kwanza ndani ya feri ya Likoni, saa za jioni, katikati ya watu wanaorudi makwao, spika za masikioni zikiwa zimenikaa vibaya. Hakuna mpiga ngoma katika wimbo ule. Ngoma ni za mashine, nazo zinaanguka kwa wingi kama mawe yanayomwagwa na lori, na juu yake mtu anapiga ukemi usio na kituo. Nilitaka kuuzima. Nikalikumbuka sharti. Na tulipokuwa tumefika katikati ya mkondo, pale maji ya Kilindini yanapoisukuma feri upande, sikio langu likafanya jambo ambalo halikulifanya kwa zile tano za kwanza: likaitambua sauti. Niliwahi kuisikia sauti ile. Niliisikia nikiwa mtoto wa miaka tisa, upande wa Likoni, usiku, nilipochungulia penye uwazi wa makuti nikaona ngoma ya pepo.

Masheikh wetu wameikemea ngoma ya pepo, nami siwapingi, nasimulia nilichokiona. Palikuwa na makayamba mengi yakitikiswa kwa pamoja, mwendo mmoja, usiobadilika, hata hewa yenyewe ikawa kama mchanga. Mama mmoja niliyemjua, mpole, muuza mbaazi na mahamri, alikuwa ndiye kiti. Pepo alipopanda kichwani, mama yule akatoa sauti nzito, ya kukwaruza, ya kiume, isiyofanana na umbo lake, akadai, akatukana, akalia, akasema mambo ambayo kwa sauti yake ya kila siku hakuwa na ruhusa ya kuyasema mbele ya mumewe na wakwe zake. Watu hawakumkimbia. Walimsikiliza. Walimwuliza: wataka nini? Na asubuhi yake nilimwona akiuza mahamri, uso umetulia.

Kwa hiyo nilikuwa nimewaambieni uongo mwaka jana, tena uongo juu yetu wenyewe. Pwani hii haikuwa ya fidla na marashi peke yake. Tumekuwa na mahali pa sauti mbaya, na tumekuwa na kazi ya sauti hiyo. Hata katika mambo matukufu, nami nalitaja hili kwa taadhima kubwa na bila kulinganisha, ndugu zetu wa tarika huko Unguja wana zikri ambayo watu huiita ya kukohoa, ambamo jina tukufu hutoka kifuani kwa pumzi nzito, si kwa lahani ya ulimi. Kifua kina lugha yake.

Ila katika ngoma ya pepo palikuwa na jambo ambalo katika nyimbo za mpwa wangu sikuliona, na hili ndilo lililonikalia moyoni. Palikuwa na mganga. Yeye ndiye aliyefungua na yeye ndiye aliyefunga. Alijua saa ya kupandisha na saa ya kushusha; pepo akishapewa alichotaka, makayamba yalipungua, maji yalinyunyizwa, na mtu akarudishwa kwa watu wake akiwa na jina lake. Nikajiuliza juu ya vijana hawa, waliokaa peke yao na spika masikioni: sauti inawapandisha, je, nani anawashusha? Wale wa Norway hawakushushwa. Waliachwa juu, na tumeona walikoishia.

Wimbo wa saba ulinijibu nusu. Ni wa Martin Kanja huyo huyo, ambaye hujiita Lord Spikeheart, kutoka sahani aliyoitoa peke yake mwaka 2024, The Adept, na aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha jemadari mkuu katika Mau Mau, aliyekaa msituni Nyandarua hadi uhuru, akaziweka nywele zake za msituni bila kuzikata hadi mwaka 2022, na akafariki mwaka uliofuata. Naye mwimbaji humhesabu katika nyanya zake. Wimbo wenyewe ni mgumu kama uliotangulia, pengine zaidi. Lakini safari hii nilijua ni nani anayelilia nani. Mwanamke aliyekaa miaka ile msituni, mwenye njaa na baridi na ndege za Waingereza juu ya kichwa chake, hakuweza kupiga kelele, maana kelele ingemwua. Na mwimbaji huyu, miaka 70 baadaye, anapiga kelele zote alizozizuia. Hapa mtunzi amesimama mahali. Hapa nilijua moyo wake uko upande gani. Nilipousikia mara ya tatu sikutaka uishe haraka, nami nawaambia jambo hili bila haya, katika ukumbi huu huu nilimotolea maneno yangu ya mwaka jana.

Swali la mganga, hata hivyo, lilibaki. Nilimwuliza mpwa wangu. Akaniambia kwamba katika hadhara za muziki huo, watu wanaporuka na kugongana mbele ya jukwaa, iko kanuni isiyoandikwa kwamba akianguka mtu, wote walio karibu husimama na kumwinua kabla ya kuendelea. Nikamwambia kwamba hilo ni zuri, lakini la mwili. Akafikiri, akasema: “Mjomba, njoo karakana.”

Nikaenda Changamwe siku ya Jumatano, karibu na adhuhuri. Walikuwa mafundi wanne wakiunga fremu ya mlango wa chuma, grainda mbili zinatoa cheche, lori linageuka nje, na juu ya meza yenye mafuta ipo spika kubwa inayocheza ile sahani ya Duma kwa sauti ambayo, miezi michache kabla yake, ingenirudisha nyumbani. Nilipewa kiti na soda. Nilikaa nikatazama, na baada ya kitambo nikaona kwamba mikono ya mafundi wale ilikuwa ikifuata mapigo, na kwamba grainda ikiingia haikuuharibu wimbo bali ilipata nafasi yake ndani yake, kana kwamba iliachiwa. Kisha msikiti wa jirani ukaanza kuadhini. Mwadhini hakuwa amemaliza takbira ya kwanza, mpwa wangu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, bila kutazama, bila kuambiwa na mtu, akauzima wimbo katikati ya ukemi. Na wenzake, mmoja wao akiwa Mkristo mwenye msalaba shingoni, wakaziacha grainda zikazunguka hadi zikasimama. Kimya kile sijapata kukisikia Changamwe maisha yangu yote. Adhana ilikuja safi, neno kwa neno, kana kwamba imesafishiwa njia.

Tukaenda tukasali. Tuliporudi, fundi yule Mkristo alikuwa ametutengea chai. Mpwa wangu akakaa, akanitazama, akanitazama tena, asiguse spika. Na ni mimi niliyemwambia aufungue wimbo pale pale alipouachia.